Chombo Hakirudi Kitupu

Watu wa usharika wetu walikuwa wakarimu kupita kiasi, na ninasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Miezi ile dada yangu mkubwa alipokuwa mgonjwa, walituletea ndizi mpaka tukakosa pa kuziweka. Walileta sukari, sabuni za mche, mafuta ya taa, mablanketi, na godoro la sponji likiwa bado ndani ya nailoni yake. Waliimba wakileta, waliomba wakikabidhi, na waliondoka wakiwa wameridhika kabisa na nafsi zao. Alichokitaka dada hakikuuzwa dukani, na hicho ndicho walichomnyima.

Alitaka kupiga magoti mbele ya altare na kunywa kikombe cha Bwana pamoja na wenzake. Basi. Alikuwa ameolewa na mtu wa Kimwani, huko Muleba, aliyeacha shamba akaenda visiwani kununua na kuuza samaki, na dada alimfuata. Kisiwani kwao hapakuwa na kanisa, palikuwa na nyavu, vilabu vya pombe na watu wa kila kabila waliolala kwenye vibanda vya nyasi. Mume alipokufa, dada akarudi nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Bukoba, akiwa amekonda hata pete ilikuwa haikai kidoleni. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa, naishi peke yangu katika nyumba ya marehemu wazazi wetu. Juma la kwanza tu aliniambia, "Mwana waitu, mdogo wangu, mimi najua nakokwenda. Nataka ninywe na watu kabla sijafika."

Ugonjwa wenyewe hapakuwa na mtu wa kuutaja. Ulikuwa umepewa jina la kitambaa cha mashati kilichokuwa kikiingia kwa magendo kutoka Uganda, maana waliovaa mashati yale ndio waliotangulia kufa. Kila kijiji kilikuwa na kaburi bichi katikati ya migomba. Sisemi kwamba watu hawakuwa na sababu ya kuogopa. Hofu naielewa. Nisichokielewa hadi leo ni hofu inayovaa kitenge cha sare na kubeba kapu la zawadi.

Walikuja Jumamosi, akina mama wa umoja wa wanawake, wakiongozwa na mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti nzuri na leso nyeupe isiyotoka mkononi. Chakula walikileta kimeiva, ndizi na maharage, kimefungwa kwenye majani ya mgomba. Mara ya kwanza nilifurahi. Mama Mwenyekiti alisema wameona warudishe heshima ya mababu, chakula kwenye jani, kwa kuwa mgonjwa wetu ni mtu wa heshima. Nyumbani kwake mwenyewe palikuwa na kabati zima la sahani za udongo zenye ukingo wa dhahabu, na hata mbwa wake alilishwa kwenye bakuli. Jani nililielewa nilipokuwa nakusanya takataka jioni ile. Jani hutupwa. Sahani ingebidi irudi.

Na kwetu chombo hakirudi kitupu. Jirani akikuletea maharage kwenye bakuli, siku ya kulirudisha utatia kitu ndani, hata kama ni karanga za kufunika kitako cha bakuli. Ndivyo watu wanavyozidi kuwa watu wao kwa wao. Akina mama wale walitafuta namna ya kuleta bila kuletewa, wakaipata, na wakaiita heshima ya mababu.

Dada naye alikuwa na namna yake. Hakuna mgeni aliyeingia akatoka bila kupewa kahawa ya kutafuna, amwani, ile tunayoichuma ingali mbichi, tukaichemsha na majani ya kunukia, tukaianika mpaka ikauke. Alijikokota kitandani, akashika kile kikapu kidogo cha marehemu mama, akachukua punje yake kwanza na kuitafuna mbele yao, kama inavyompasa mwenye nyumba, kuonyesha kwamba haina sumu. Kisha akawapitishia. Wazee wetu walipofanya undugu wa damu, tunda moja la kahawa lenye mbegu mbili ndilo walilogawana. Kuikataa kahawa uso kwa uso ni sawa na kumwambia mwenye nyumba kwamba ni mchawi.

Hawakuikataa. Waliipokea kwa mikono miwili. "Kasinge waitu," walisema, yaani asante, mtu wetu, wakaisifu harufu yake. Nilipowasindikiza, nikirudi peke yangu, niliikuta kahawa yote imemwagwa njiani chini ya ua, punje moja moja, ile ya Mama Mwenyekiti ikiwa rundo dogo mahali alipokung'utia leso. Niliiokota ili dada asiione.

Ningependa kusema kwamba mama yule alikuwa mtu wa kuja tu, asiyetufahamu. Wakati wa vita, majeshi ya adui yalipovuka mpaka, familia yake ilikuwa miongoni mwa waliokimbia kutoka ng'ambo ya mto Kagera wakiwa hawana kitu. Walifikia kwetu. Walilala sebuleni kwetu kwenye nyasi, na dada yangu, akiwa msichana, ndiye aliyewachotea maji. Nyumba nzima ilikuwa na kata moja, kibuyu kilichokatwa, na sote tulikunywa humo, wenyeji na wakimbizi, na mtoto wake aliyekuwa anaharisha. Hakuna aliyeuliza nani ana nini. Vita vilipokwisha alibaki upande wetu, mumewe akapata kazi nzuri, yeye akapata sauti kanisani. Ile kata nadhani aliisahau.

Jumapili ya Meza ya Bwana ilipofika, dada alivaa gauni lake la bluu na tukaenda. Ulikuwa mwendo mfupi lakini tulipumzika kila penye kivuli. Kwetu watu husogea kwa makundi, kundi moja likipiga magoti mbele ya altare, likishalishwa na kunyweshwa linaondoka, linaingia jingine. Sijawahi kuona Walutheri wana hamu ya Chakula cha Bwana kama asubuhi ile. Benchi letu lote lilisimama na kukimbilia kundi la kwanza. Bibi mmoja ambaye kwa kawaida huinuliwa na wajukuu wawili alitupita kama mshale. Kila mmoja alitaka kunywa kabla ya dada, na walipokwisha wote, tukabaki sisi wawili.

Alisimama, akanishika bega. Mzee wa kanisa akatuwahi katikati ya njia, akainama kwa upole mwingi.

"Usijisumbue, dada yetu. Mchungaji atakuletea nyumbani."

"Sisumbuki, baba. Nimeshafika."

"Tunakuonea huruma tu. Kaa, kaa."

Alirudi akakaa, kanisa zima likimtazama, kisha likimtazama mwimbishaji ili aanzishe wimbo. Siku hizi pale kanisani wana vikombe vidogo vya glasi, kila mtu na chake, na vijana huambiwa kwamba ni mambo ya usafi. Mimi nikikishika hukumbuka lile benchi lililokimbia.

Mchungaji alikuja Jumanne. Alikuwa kijana, mpole, mwoga wa wazee wake wa kanisa kuliko wa Mungu. Alimlisha dada kipande cha mkate kilichochovywa kwenye divai, kwa kijiko. Nilimuuliza kama yeye hatashiriki. Alisema alikwisha kushiriki Jumapili. Alipoondoka, dada alifuta mdomo akasema, "Chakula cha peke yako ni dawa. Mimi sikuomba dawa."

Toka hapo zawadi ziliongezeka. Nilichelewa kuigundua kanuni yake, lakini ilikuwa na kanuni. Kila mara dada alipotuma neno kwamba Jumapili ya Meza ya Bwana atakuja kanisani, Jumamosi yake mkungu mkubwa uliletwa nyumbani, na maneno matamu ya kumwambia apumzike. Alipokaa kimya, hatukuona mtu. Godoro lililetwa alipoapa kwamba atakuja hata kwa kubebwa. Walikuwa wakimjengea ua wa zawadi, na kila mti wa ua ule ulitangazwa kanisani. Nilimwambia dada tukitaka baiskeli, basi atangaze kwamba atajiunga na kwaya. Alicheka mpaka nikaogopa.

Wakati huohuo walikuja watu wawili kutoka kisiwani, wachuuzi wa samaki, rafiki za marehemu shemeji. Walifika kwa lori la samaki hadi mjini, wakamaliza kwa miguu, wananuka samaki na gongo, na mmoja alikuwa na kovu la kisu shavuni. Hao ndio waliokuwa wakisemwa mimbarini kwetu, wazinzi wa visiwani walioleta gharika. Waliweka sangara mkavu mezani, wakanawa, wakavuta sinia karibu na kitanda wakala na dada humohumo, wakimchagulia minofu isiyo na miiba. Kikombe cha chai kilikuwa kimoja, wakapokezana. Kahawa yake waliitafuna yote na kuomba nyingine. Hawakuomba sala wala hawakusema neno la Mungu, na walipoondoka yule mwenye kovu alikuwa analia waziwazi. Nilijiuliza kanisa letu lilikuwa linafundishwa na nani.

Kisha ukaja ukarimu mkuu kuliko wote. Ilikuwa Jumapili ya kawaida, isiyo na Meza ya Bwana, kwa hiyo hakuna aliyemzuia dada kuja. Baada ya matangazo Mama Mwenyekiti alisimama mbele na kifurushi. Alizungumza juu ya upendo, akatuambia kwamba kutoa ni moyo, si utajiri, akapangusa jicho kwa leso. Akafungua. Kilikuwa kikombe cha kaure, cheupe, kina maua mekundu na mfuniko wake, kimenunuliwa mjini kwa mchango wa umoja wa wanawake.

"Dada yetu amekuwa na kiu ya Meza ya Bwana," alisema. "Tumeona tusimwache na kiu. Hiki ni kikombe chake, chake mwenyewe. Mchungaji atakuwa anamtilia humu, na hatakitumia mwingine yeyote."

Walipiga makofi. Naapa walipiga makofi, na baadhi yao walilia kwa furaha. Nilitaka kusimama niseme maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Dada alinibana mkono, akainuka, akaenda mbele, akapiga magoti kama mwanamke aliyelelewa, akakipokea kwa mikono miwili. "Kasinge waitu," alisema.

Nyumbani alikiweka kwenye meza ya kitandani akakitazama siku nzima. Nilidhani anaumia. Jioni aliniita, na macho yake yalikuwa ya yule msichana mtundu aliyekuwa akiniibia mihogo.

"Umeona kosa walilofanya?"

"Kosa gani? Wamekutenga mbele ya watu wote."

"Wameleta chombo," alisema. "Miezi yote hii wananiletea kwenye majani. Leo wamesahau, wameleta chombo."

Kesho yake aliniamuru nimshike mkono twende shambani. Mibuni ya baba iko nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, na alichuma mwenyewe, amekaa kwenye kigoda, mimi nikimwinamishia matawi. Alichemsha mwenyewe. Alianika kwenye mkeka, na akawa anaigeuza kwa mkono wake, akinikaripia nikijaribu kusaidia. Hakuwa na nguvu ya kuchana nywele zake, lakini kahawa ile aliigeuza mpaka ikakauka sawasawa. Ilikuwa nyingi, ikajaa kikombe na kikapu cha mama pia.

Akasubiri Sikukuu ya Mavuno. Siku hiyo kila mtu kwetu huleta kitu: mikungu, kuku waliofungwa miguu, maharage, miwa. Hupangwa mbele ya altare, na baada ya ibada hupigwa mnada nje kwenye nyasi. Dada alikwenda na kikombe chake cha maua, kimejaa kahawa. Hakukiweka kwenye rundo. Alisimama mbele, akafunua mfuniko, akachukua punje akaitafuna, watu wote wakimwona. Kisha akamgeukia Mama Mwenyekiti aliyekuwa benchi la kwanza, akamnyoshea.

"Chombo chenu nimekirudisha," alisema. "Tafuna, waitu."

Kila mtu mle ndani alikuwa Mhaya wa kutosha kujua mama yule amewekwa wapi. Mama Mwenyekiti aliangalia kikombe, akaangalia leso yake, akaona kwamba leo leso haitasaidia.

"Leo nimefunga," alisema.

Alikuwa amefunga, Sikukuu ya Mavuno, na harufu ya pilau ya akina mama wake inaingia dirishani. Kikombe kikaenda kwa mzee wa kanisa. Yeye meno yalikuwa yanamsumbua. Kikaenda kwa mchungaji. Huyo alinyosha mkono, na hilo nitamhesabia, akaurudisha, akasema kwamba sadaka iliyoletwa madhabahuni ni mali ya Bwana, hailiwi, inapigwa mnada.

Basi ikapigwa mnada. Muuzaji alikuwa mcheshi anayeweza kukuuzia kuku wako mwenyewe, lakini alipoinua kile kikombe watu walianza kuangalia mawingu. Alirudia mara ya pili, akitabasamu kwa shida. Dada alikuwa amekaa kwenye nyasi, nimemwegemeza begani. Ndipo ile sauti nzuri ikapaa kutoka nyuma. Mama Mwenyekiti alitaja bei kubwa kuliko ya mkungu wowote siku ile. Watu wakashangilia kwa kupumua. Alilipa palepale, akakipokea kwa ncha za vidole, na kwa kuwa kwenye minada yetu mtu akitaka sifa mara mbili hununua kitu kisha akakitoa zawadi, akatembea mpaka tulipokaa.

"Nami ninamrudishia mgonjwa wetu," alitangaza, "apate nguvu."

Wakapiga makofi tena. Dada alikishika kile kikombe, hakusema kasinge. Tulipofika kwenye ua aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ile ya kwenye kikapu usiiguse. Siku mtakayonizika, wape."

Alikufa kabla ya Jumapili ya Meza ya Bwana iliyofuata. Nimekuwa na miaka mingi ya kusamehe jambo hili na bado sijaanza.

Kwenye msiba walikuja wote, na sare zao. Walileta kuni, walileta ndizi, walipika, na kwa kuimba siwezi kuwasema vibaya, waliimba vizuri. Tulimzika kwenye migomba, jirani na baba, si mbali na mibuni. Tuliporudi nyumbani akina mama walikaa kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni, bega kwa bega, kando ya ukuta mpaka mlangoni. Nikaleta kikapu cha mama. Nilichukua yangu nikaitafuna, kisha nikaanza kupitisha tangu mwanzo wa mstari, nikiinama kwa kila mmoja.

Kahawa ya msibani haiulizwi. Mgonjwa alikuwa ameshaondoka na hofu imeondoka naye, na watu walikuwa na njaa ya makaburini. Walitafuna. Mama Mwenyekiti alichukua punje nne, akatafuna polepole, akafumba macho.

"Hii ndiyo kahawa," alisema. "Ina harufu ya zamani. Nani kaitengeneza, mwalimu?"

"Marehemu," nilisema. "Aliichuma mwenyewe, akaichemsha, akaigeuza kwa mkono wake kila siku mpaka ikakauka. Aliniambia niwape ninyi."

Midomo yote ilisimama. Leso nyeupe ikaanza kupanda kuelekea kinywani, ikafika kidevuni. Nilikuwa nimeinama mbele yake na kikapu, na sikusogea. Hakuna mtu kwetu anayeitema kahawa ya marehemu sebuleni kwake, udongo wa kaburi lake ukiwa bado kwenye viatu.

"Tafuna, waitu," nilimwambia.

Alinitazama. Nadhani ile kata ya wakati wa vita ilimrudia, au ndivyo nilivyopenda kuamini. Taya lake likaanza tena. Alimeza, na machozi yakamtoka, safari hii leso haikuyafuta. Nikasogea kwa aliyekaa kando yake, na kwa aliyefuata. Hakuna aliyeugua kwa kahawa ile. Wengi wao wapo hadi leo, wana afya na wajukuu. Nilimaliza mstari wote mpaka mlangoni, na kikapu kikawa kitupu. Siku ile walikula na dada yangu wote pamoja, bega kwa bega, kama alivyoomba. Aliyekosekana ni yeye tu.